Kyungu, Halafu Kabange

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja kikombe cha Mama Surveillante kabla hajajua hata jina langu. Nilitumwa kumletea chai, nikageuka haraka kama kawaida yangu, kikombe kikaenda sakafuni. Yeye alikuwa mkubwa wa garderie ya kambi ya wafanyakazi, hapa hapa Lubumbashi, mahali ambapo mama mwenye kazi alimwacha mtoto asubuhi na kumchukua jioni. Alivitazama vipande, kisha akanitazama mimi.

« Weye, Agnès, » akasema, « utatembeya sana mu hii maisha. Kukaa haujue. »

Hakukosea. Hata sasa ninapoandika haya nimesimama kwenye meza ya jikoni, nimeshatoka nje mara kadhaa kuangalia mahindi yangu, ambayo hayana shida yoyote. Nimestaafu, watu wananiambia pumzika, na mimi sijui kupumzika kunaanzia wapi. Basi niwasimulie ninyi monitrice wapya, walimu wa watoto wadogo, jinsi kazi yetu ilivyokuwa, kabla miguu haijanipeleka tena nje.

Cheo changu cha kwanza kilikuwa puéricultrice msaidizi. Maana yake ni kuosha, kulisha, kubadilisha nguo, kulaza, halafu kuanza upya. Siku ile ya kwanza, nilipopeleka sahani jikoni, nilimkuta mtoto amelazwa juu ya gunia karibu na mbabula, jiko la makaa. Alikuwa na umri wa kuweza kukimbia, lakini shingo yake ilikuwa haijakaza. Kaka yake alikuwa ukumbini anacheza na wenzake. Nilimuuliza Mama Surveillante huyu ni wa nani.

« Ule hatumuhesabie, » akajibu. « Iko tu. »

Kwa watu wa kwetu neno hilo, iko tu, husemwa juu ya kitu ambacho hakiondoki wala hakihitajiki. Nilimbeba yule mtoto kiunoni, nikaingia naye ukumbini. Mama Surveillante hakunigombeza mbele ya watoto. Alinivuta pembeni, akaniambia taratibu: « Ukimuleta hapa, bamama bengine batatoa batoto babo. Halafu tutafunga, na weye utakosa kazi. » Kisha akamrudisha jikoni mwenyewe, akamlisha uji kwa mkono wake, kijiko baada ya kijiko, kwa upole ambao sikuuelewa. Alikuwa mtu mwema, na mtoto akabaki jikoni. Mambo hayo mawili yalinikera kwa pamoja, na yananikera mpaka leo.

Kampuni yenye kambi ile ilipoanza kuyumba, garderie ilifungwa, nasi tukatawanyika. Nikapata masomo ya kuwa monitrice, yaani mwalimu wa maternelle, ile shule ya watoto ambao bado hawajafikia shule ya msingi. Kituo changu cha kwanza kilikuwa Mitwaba, kaskazini, chini ya Monsieur l'Abbé, padri wa parokia. Shule ilikuwa uwanja. Hakukuwa na ukuta wala benchi. Watoto walikalia matofali, na matofali yenyewe tuliyafyatua sisi. Asubuhi moja mama mmoja alimketisha bintiye asiyeona katikati ya wenzake, akaenda shambani bila kuuliza mtu. Nilimwendea Monsieur l'Abbé kumuuliza kama tunampokea.

« Hapa hakuna mulango, Agnès, » akasema huku anafyeka nyasi. « Utamufungia nani? »

Nilicheka, lakini jibu lile lilinikaa. Tungeanza kuwakataa watoto siku ambayo tungejenga. Na kweli, walipojenga madarasa mawili ya matofali ya kuchoma, yule binti hakuonekana tena. Mimi nilikuwa nimeshahamishwa, nilisikia kwa watu tu.

Nikarudi Lubumbashi, nikachukuliwa kwenye maternelle ya masista katikati ya mji. Hiyo ilikuwa shule ya ukuta na mlango kweli kweli, na geti la chuma lililopakwa rangi ya bluu kila mwaka. Mkubwa wetu tulimwita Masœur Directrice. Alikuwa mwanamke mfupi, msafi, asiyependa kelele wala maneno mengi. Baba yake alikuwa mtu wa reli kutoka kaskazini ya Katanga, Mluba, na ukoo wake wote ulikuwa wa Kikatoliki tangu babu.

Niwaeleze kidogo asubuhi ya maternelle ilivyokwenda, maana mambo yote ya mbele yanasimama hapo. Tulianza na causerie: watoto wanakaa duara, kila mmoja anasema habari ya nyumbani kwao, na monitrice anasikiliza maneno na jinsi ulimi unavyoyatamka pia. Baada ya hapo wanagawanyika kwenye pembe, tulizoziita coins: huku wanasesere, huku vipande vya mbao, huku mchanga. Kisha psychomotricité, ambayo ni neno refu la kuruka, kutambaa na kubeba. Halafu goûter, kitafunio cha asubuhi, halafu usingizi. Mimi nilipenda psychomotricité, kwa sababu hapo hata monitrice anaruhusiwa kukimbia. Causerie ilinitesa. Kumngoja mtoto atafute neno wakati mimi nimeshaliona lilipo ni adhabu.

Asubuhi ya kuandikisha nilikuwa ofisini kwa Masœur, nimepewa kazi ya kuchambua kalamu za rangi kabatini. Akaingia mama mmoja na mabinti wawili wenye gauni za manjano, sawasawa, hadi vifungo. Mmoja aliingia kwa miguu yake, akaenda moja kwa moja kwenye kalamu za Masœur akaanza kuzipanga. Mwingine alikuwa mgongoni mwa mama, mkubwa sawa na mwenzake, miguu imekakamaa na kupishana kama mkasi, mate yanalowesha bega la mama.

« Beko mapasa, » mama akasema. « Kyungu alitangulia. Kabange alikawia mu tumbo, alitoka bila kulia. Tangu pale njo vile. »

Kwa Waluba, mapacha huzaliwa na majina yao: wa kwanza Kyungu, wa pili Kabange. Mzazi naye hupoteza jina lake. Huyu tulimwita Mama Mapasa tangu siku ile, na jina lake la ubatizo sikulijua kamwe.

Masœur aliwatazama wote wawili bila haraka. « Uyu Kyungu, sawa, » akasema. « Ule mwingine, Mama, utanisamehe. Hatuna personnel wa ile kazi. Ataumia bule hapa. »

Mama Mapasa hakubisha. Alianza kukaza upya kitenge mgongoni, na kwa jinsi mikono yake ilivyokwenda, ilionekana alishafukuzwa mahali pengi. Mimi sikuwa nimeulizwa kitu. Nikasema kutoka kabatini:

« Masœur, aba beko mapasa. »

« Ninaona. »

« Ukikamata moya, ukiacha mwingine... »

Sikumaliza, wala haikuhitajika. Kila mtu wa kwetu anajua. Ukimpa mmoja pipi, unampa na mwenzake. Ukimshonea mmoja, unamshonea na mwenzake. Ukimsalimia mmoja tu, yule mwingine anakasirika, na hasira ya mapacha huleta homa na balaa nyumbani kwa mwenye kuwabagua. Masœur alikuwa amesoma ng'ambo na alisali rozari kila siku, lakini alikuwa amelelewa na bibi yake. Alifunika kalamu yake, akaniangalia.

« Agnès, weye uko mujanja, » akasema. Kisha akamgeukia mama. « Bon. Baingie bote babili. Mais ni Agnès atamubeba. »

Nilifurahi hadi nikaangusha kalamu zote. Nilidhani nimepata ufunguo wa milango yote ya dunia.

Nikambeba, na katika kumbeba nikajifunza kazi ambayo sikufundishwa shuleni. Fundi mmoja wa mbao wa Kenya, mtaa wetu na si nchi, alitutengenezea kiti. Cha kwanza kilikuwa kibovu, kilimmwaga. Cha pili kilikuwa na kikalio kinachoinama nyuma kidogo ili nyonga zikunjwe, kibao cha kukanyagia, kizuizi kati ya magoti ili miguu isipishane, na meza iliyokatwa nusu mwezi ili imzunguke tumboni. Kumlisha nako kuna ufundi wake. Kijiko kije kutoka mbele na chini. Ukikileta kutoka juu, kichwa kinaruka nyuma na chakula kinaenda njia isiyo yake. Shikilia kidevu kwa kidole, ngoja ameze, usiongee naye wakati anameza.

Lakini lililokuwa gumu zaidi kwangu lilikuwa kufunga mdomo. Kabange alielewa kila kitu. Ungeona kwa macho yake. Neno ndilo lililochelewa kufika, kwa sababu lilipaswa kupita kwenye mwili usiomtii. Unamuuliza, mikono inaruka, shingo inapinda, mdomo unatafuta njia, na wewe unatakiwa ukae kimya kabisa. Ukirudia swali anaanza upya. Nilikuwa nikikamata mfuko wa aproni yangu na kuuminya ili nisiseme. Aproni zangu zote za miaka ile zilichanika upande mmoja.

Wazazi wengine walisikia neno mapasa wakanyamaza. Nilimsikia mama mmoja getini akianza kulalamika juu ya mate, mwenzake akamgusa mkono: « Ni mapasa, acha. » Darasani tukashika sheria ya mapacha bila hata kuitangaza: kila kitu mara mbili. Kyungu akipewa zamu ya kupiga ngoma, Kabange anapewa. Kyungu akiwa malaika kwenye sherehe ya Noeli, Kabange naye ana mabawa, na kiti chake kimefunikwa kitambaa cheupe. Hakuna semina iliyonifundisha kitu bora kuliko hicho. Watoto waliona ni jambo la kawaida, kama vile kunawa mikono.

Ila kila kitu kilikuwa na mpangilio: Kyungu, halafu Kabange. Na Kyungu alikuwa mwepesi, Mungu wangu, alikuwa mwepesi. Kabla Kabange hajafungua mdomo, yeye alishajibu. « Kabange anataka mayi. » « Kabange anasema hapendi ile. » « Kabange amechoka. » Mara nyingi alikuwa sahihi, ndiyo maana hakuna aliyemzuia. Wageni wakija walimuuliza Kyungu habari ya Kabange huku Kabange ameketi hapo hapo anawatazama. Kyungu akishikwa na malaria, wote wawili walibaki nyumbani, kwa sababu Mama Mapasa hakuona namna ya kumleta mmoja. Darasa lilikuwa na kiti, lakini mwenye kiti alikuwa anaitwa kwa kupitia kwa dada yake.

Hivyo wakapanda hadi mwaka wa tatu, wa mwisho wa maternelle. Shule ya msingi ilikuwa ng'ambo ya uwanja ule ule, chini ya Monsieur le Directeur, mwanaume mrefu ambaye mikono ya shati lake ilikuwa na chaki hata Jumapili. Alikuja kuona watoto atakaowachukua. Kwa Kyungu alicheka kwa furaha, maana alikuwa tayari anasoma maandishi ya ukutani. Kwa Kabange alitikisa kichwa.

« Maman Agnès, darasa yangu ya kwanza iko kule juu ya ngazi. Batoto beko bengi. Na uyu hasemi, anasemewa. Ile ni kazi ya weye, siyo ya miye. »

Nikaanza: « Monsieur le Directeur, aba beko mapasa... »

« Najua. Lakini masomo haina mapasa. Kila mutu anafanya examen yake. »

Na jambo lenyewe lilikuwa halijaisha. Jioni Mama Mapasa alikuja kuchukua mabinti, nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, bila hasira:

« Basi, ata Kyungu hataenda. »

« Mama, Kyungu anajua kusoma. »

« Njo weye ulisema, Maman Agnès. Mbele ya Masœur. Ukikamata moya, ukiacha mwingine. Miye nilisikia. »

Baba yao alikuwa déclarant huko Kasumbalesa, yaani mtu anayeshughulikia karatasi za malori mpakani, na alikuja nyumbani kwa nadra. Walimpigia simu. Naye akasema vile vile: bakae bote. Si watu wajinga hao. Walikuwa wanamlinda Kabange kwa njia pekee ambayo watu waliwahi kuiheshimu, na njia hiyo nilikuwa nimeithibitisha mimi mwenyewe.

Basi hesabu ilikuwa hiyo: Kabange asipopata nafasi yake, wasichana wawili wanabaki nyumbani. Kyungu alielewa kabla sisi hatujamaliza kuongea. Siku iliyofuata, kwenye pembe ya mchanga, nilimsikia akimwambia dada yake polepole: « Juu ya weye, sitasoma. » Chakula cha siku ile Kabange hakukimeza.

Wiki ile niliitembea shule yote bila sababu. Nilisafisha makabati yaliyokuwa safi. Masœur aliniambia niache kuzunguka kwa sababu ninamtia kizunguzungu. Nilikuwa na hasira na Monsieur le Directeur, kisha nikagundua kwamba alisema jambo moja la kweli: anasemewa. Ujanja wangu ulimwingiza Kabange kama nusu ya jozi. Sasa nilitaka aonekane mmoja, na sikujua kama ataweza, kwa sababu hata mimi sikuwahi kumsikia akiongea Kyungu akiwa hayupo.

Nikamwendea Monsieur le Directeur. « Uje kwenye causerie moja tu. Kyungu hatakuwa mu darasa. »

« Na uyu mwingine akinyamaza? »

« Akinyamaza, sitakuuliza tena. »

Kumshawishi Mama Mapasa kulikuwa kugumu zaidi. Hakuwahi kuwatenganisha hata kwa kuwaogesha. « Kwa ukuta moja tu, Mama, » nilimwambia. « Kyungu atakuwa ofisini kwa Masœur. Batasikilizana. » Alikubali akiwa amefumba macho, kama mtu anayechomwa sindano.

Asubuhi yenyewe Monsieur le Directeur alikaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakafika kifuani. Duara lilizunguka. Mmoja akasema mbwa wao amezaa. Mwingine akasema mama yake amekasirika na baba, nikampitisha haraka. Zamu ya Kabange ikafika.

« Kabange, kwenu kuko habari gani? »

Kichwa chake kiligeuka upande anaokaa Kyungu. Hapakuwa na mtu. Kikarudi, kikageuka tena. Mikono ikaanza kuruka juu ya ile meza ya nusu mwezi. Nikaukamata mfuko wa aproni. Monsieur le Directeur alitazama saa yake, akajaribu kuificha. Kijana mmoja akafungua mdomo kumsaidia, nikamwinulia kidole, akanyamaza. Watoto wale walikuwa wamengoja naye miaka, kungoja kwao ilikuwa kazi rahisi. Mimi nilitaka kusema chochote, hata kumuuliza kama amekula.

« Kyungu... » akasema.

Anamwita dada yake, nikawaza, imekwisha.

« Kyungu... ana... kojola... »

Mdomo ukatafuta njia tena.

« ...ku kitanda. »

Darasa likalipuka. Na kutoka ng'ambo ya ukuta, ofisini kwa Masœur, sauti ya Kyungu ikapaa juu ya kicheko chote, ikisema ni uongo: « Bongo! Ni bongo yake! »

Kabange alikuwa anacheka kwa mwili mzima, kiti kinagongagonga sakafu. Akakusanya nguvu, akamalizia kwa sauti, ili na wa ofisini asikie:

« Kila... siku. »

Monsieur le Directeur alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa shati, chaki ikampaka usoni. Alipotulia akasema: « Donc maneno alikuwa nayo. Alikuwa anamungojea tu mwenzake atoke. »

Hakuamua pale pale. Aliondoka, akakaa na wenzake, akarudi na masharti. Angemchukua kwa majaribio. Darasa la kwanza moja lingeshuka chini ya ngazi, na kiti kingekwenda naye. Kisha akaweka sharti ambalo sikulitegemea: Kyungu aende darasa la A, Kabange la B. « Ule Kyungu akiwa karibu, sitamusikia uyu, » alisema.

Mama Mapasa alilia, na hakuwa analia kwa furaha. Alinishika mikono miwili. « Na nani atamujibia, Maman Agnès? »

« Hakuna mutu, Mama. »

Alinunua mifuko miwili ya shule, sawasawa, hadi vifungo, na Septemba aliwapeleka kila mmoja kwenye mlango wake. Kyungu hakuzungumza na dada yake kwa siku nyingi, kwa sababu ya kile kitanda. Nadhani ndiyo mara ya kwanza walikuwa na ugomvi wa haki, na ilinipendeza.

Mngedhani hapo nilitulia. Mwaka huo huo akaja ofisini mfanyabiashara mmoja wa Kivu ya Kaskazini, Papa Muhindo, mwenye malori ya kuleta maharage. Alikuwa amembeba kijana wake, mkubwa, kichwa kimelala begani. « Masœur, nilisikia munapokea watoto wa namna hii, » akasema kwa Kiswahili chao cha kule.

Masœur, kwa mazoea, akauliza: « Iko na mwenzake? Ni mapasa? »

« Hapana. Alizaliwa yeye peke yake. »

Masœur alinitazama. Nilikuwa nimesimama pale pale kabatini. Alimwambia arudi mwaka ujao. Papa Muhindo alishukuru, jambo ambalo liliniuma kuliko kama angetukana. Alipotoka nilimgeukia Masœur kwa ukali ambao monitrice hauonyeshi kwa mkubwa wake.

« Agnès, » akasema, amechoka, « kwa bale mapasa nilikuwa na neno ya kuambia bazazi. Kwa uyu nitabaambia nini? »

« Ubaambie jina yake. »

« Jina haitoshi, na unajua. »

Alisema kweli, na kwa sababu hiyo sikuweza kuendelea kukaa pale. Nilihamia Annexe, pembezoni mwa mji, kwenye mashamba na nyumba za matofali mabichi, ambako parokia ilikuwa inaanzisha espace communautaire d'éveil: banda, mikeka, na mama wa mtaa wanaosaidiana kulea watoto wadogo asubuhi. Mkubwa wangu wa mwisho alikuwa Président wa comité, mzee aliyeuza mbegu. Nilimwomba jambo moja tu: mzazi akija, tuulize jina la mtoto na chakula anachopenda, mengine tutayaona wenyewe. Akasema: « Kama utaweza, weye. Miye ninaleta mikeka. » Nilimtafuta Papa Muhindo nimwambie tumefungua. Ghala lake lilikuwa na mtu mwingine, na hakuna aliyejua amehamia wapi. Kijana wake sijui alikoishia. Huyo ndiye hunitoa nje kuangalia mahindi.

Siku hizi mna neno, éducation inclusive, elimu jumuishi, na mna mafunzo na picha za rangi. Nafurahi. Sisi tulikuwa na ujanja, na ujanja unamwingiza mmoja na kumwacha wa pili getini. Lakini hata neno lenu zuri litaishia kwenye bango kama hamtajifunza kufunga mdomo baada ya kuuliza. Mimi nimestaafu, na kufunga mdomo bado sijakujua vizuri.

Walinifanyia karamu ya kuniaga pale Annexe, chini ya banda. Masœur alikuja, amezeeka, anatembelea fimbo. Mama Mapasa alikuja na pagne mbili, vitenge vya zawadi, maana mpaka leo hawezi kutoa kitu kimoja. Na mabinti walikuja, wanawake sasa: Kyungu mwenye simu mbili na haraka zake, Kabange kwenye kiti cha magurudumu, nywele amesuka vizuri, uso wake uleule.

Shemeji yangu ndiye aliyekuwa anagawa vinywaji. Ni mwanamke mwema, wa aina ya Mama Surveillante. Alifika kwao na sinia, akainama kwa Kyungu, akauliza kwa sauti ya huruma: « Na uyu, anakunywaka nini? Nimupe jus? »

Kyungu alikuwa na jibu. Nilimwona akiwa nalo, lilikuwa tayari mdomoni kama zamani. Akalimeza.

« Muulize yeye, » akasema, akageukia simu yake.

Shemeji alibabaika. Akamwinamia Kabange, akauliza tena, kisha akanyamaza kwa sababu hakujua la kufanya. Shingo ikapinda. Mkono ukaruka, ukagonga sinia. Nilikuwa mbali kidogo, nimesimama, na mkono wangu ulitafuta mfuko wa aproni ambayo sikuwa nimeivaa.

« Bière, » Kabange akasema.

Shemeji akamtazama Kyungu, anaomba ruhusa. Kyungu hakuinua macho.

« Ya... baridi. »

Basi shemeji akaenda kuileta ile bia.